Bwana Ochen na Gesi Inayokula Joto

Vijana wa karakana, mmenisumbua niandike machache kuhusu miaka yangu ya kutengeneza mashine za hospitali kabla kichwa hakijaanza kuchanganya mambo. Nimekubali kwa sharti moja: vyeo sitaviandika. Anayetaka kujua nilipandishwa lini akaulize ofisi ya utumishi, kama panya hawajamaliza faili langu. Nitaandika juu ya mashine, na juu ya mtu mmoja aliyenitoa jasho kuliko mashine zote.

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa askari polisi kutoka Arua, mama alikuwa akikaanga chapati za kuuza nyuma ya nyumba za mabati, na Kiswahili nilikijua kabla ya kugundua kwamba watu wengi wa Kampala wanakiogopa, wakidhani kila anayekisema ana bunduki. Mimi sikuwa na bunduki. Nilikuwa na bisibisi, na hata hiyo ilikuwa ya kuazima.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Mzee Drani, mkuu wa karakana, ambaye zamani alikuwa fundi wa redio jeshini na bado alikuwa akizungumza na mashine akisubiri zijibu. Alinipa kipimo cha presha kilichokuwa kinavuja hewa. Nilihangaika nacho asubuhi nzima, nikakifunga vizuri, nikampelekea kwa fahari. Hakukitazama. Alinivisha mkononi mwangu mwenyewe, akajaza hewa, akasoma.

"Presha yako iko juu," akasema. "Mashine ni mbaya, ao wewe unaogopa mimi?"

Nikamwambia ukweli kwamba namwogopa.

"Kale," akasema kwa Kiganda, yaani haya. "Basi mashine iko mzuri."

Hilo ndilo somo lake, na nimeishi nalo hadi kustaafu: fundi ndiye mgonjwa wa kwanza wa kila mashine. Kipimajoto kilikaa kwapani mwangu kabla hakijaenda wodini. Kibanio cha kupima oksijeni kilining'inia kidoleni mwangu nikiwa nakunywa chai. Kitanda cha kujifungulia nilikipanda mwenyewe, mbele ya wauguzi waliokuwa wanacheka mpaka wakashika mbavu. Mashine ya kushtua moyo tu ndiyo tuliyoiamini kwa mbali.

Miaka ikaenda, Mzee Drani akastaafu akarudi kwao, na karakana ikabaki mikononi mwangu. Ndipo ikaja mashine ya pumzi. Ilikuwa ya msaada, kwa hiyo ilikuja na plagi isiyoingia kwenye soketi yoyote ya Uganda na kitabu cha maelekezo kwa lugha ambayo mpaka leo hatujaitambua. Niliibadilisha plagi, nikaifungua nione tumbo lake, na nikaipenda hapohapo.

Mashine yenyewe mnaijua, lakini nitaieleza kwa ajili ya wake zenu na waume zenu watakaosoma hapa. Ndani yake kuna taa ndogo inayotoa mwanga tusiouona kwa macho, mwanga wa joto, unaoitwa infraredi. Pumzi ya mgonjwa inavutwa kwa mrija mwembamba mpaka kwenye kichumba kidogo, mwanga unapitishwa humo, na upande wa pili kipokezi kinapima uliobaki. Kaboni dioksidi, ile hewa tunayoitoa mapafuni, inaumeza mwanga huo. Oksijeni haiugusi. Mgonjwa akitoa pumzi, mwanga unapungua na skrini inachora kilima. Akivuta, kilima kinashuka. Mgonjwa aliyelazwa kwa nusukaputi akiwekewa mrija kooni, vilima vikionekana mnajua mrija umeingia njia ya hewa. Skrini ikinyooka kama barabara ya Bombo kwenye ramani, huenda mrija umeingia njia ya chakula, na mnampulizia tumbo mtu anayehitaji mapafu. Hapo muda ni mfupi sana.

Kila asubuhi nilikwenda chumba cha upasuaji kabla ya mgonjwa kufika, nikashika ule mrija mwembamba na kuupulizia. Vilima vyangu vikitokea, naifuta mashine na kuondoka. Wauguzi walisema nakwenda kuisalimia.

Mtu wa kutumia mashine hiyo alikuwa Bwana Ochen, mlaza wagonjwa wetu, mtoa nusukaputi. Alikuwa mtoto wa sajenti, naye wa kambi kama mimi, mtu mrefu mwenye mikono mipole na mdomo usio na breki. Katika kazi yake sijaona wa kumfikia. Watoto wadogo walilala mikononi mwake wakiwa wanamsimulia habari za mbuzi wa nyumbani. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuamini kitu mpaka akigeuze pande zote, akinuse, kisha akikatae kwanza ili aone kitajitetea vipi.

Ugomvi wetu ulianza siku nilipokuwa nawafundisha wanafunzi wa mafunzo ya vitendo. Nilichora ile taa na kile kichumba ubaoni, kisha nikajisahau nikaongeza kwamba tabia hiihii ya kaboni dioksidi, ya kumeza mwanga wa joto, ndiyo inayoifanya dunia ishike joto, na kwamba tukizidi kuchoma mafuta na makaa joto hilo litazidi. Ochen alikuwa mlangoni, ana kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, kwenye karatasi, amekuja kunywa chai yetu kama kawaida yake.

"Mama Fundi," akasema, "hiyo unadanganya watoto ya watu."

"Nadanganya nini?"

"Hewani hiyo gesi ni kidogo sana. Hata asilimia moja haifiki. Hata nusu. Kitu kidogo namna hii itapasha dunia mzima? Mimi nakataa."

Wanafunzi wakanitazama mimi. Nikamwambia, "Bwana Ochen, wewe unamlaza mwanamume mwenye shingo ya fahali kwa dawa isiyojaa kijiko cha chai. Wewe ndiye wa kuniambia kidogo hakifanyi kitu?"

"Dawa ni dawa. Hewa ni hewa," akajibu, akaketi, akajimiminia chai.

Nikamweleza kwamba kile kichumba cha mashine ni chembamba kuliko ukucha, lakini anga lililo juu ya Kampala ni kilomita kwa kilomita. Gesi iliyotawanyika, ukiipanga kwenye njia ndefu kiasi hicho, mwanga lazima ukutane nayo tu. Alitafuna, akatikisa kichwa, akaniambia kesho atakuja na jibu.

Na kesho yake alikuja. Alikuwa na binamu aliyekuwa akimtumia video kwenye simu, na binamu huyo hakuwa na kazi nyingine. Safari hii hoja ilikuwa kwamba kitu baridi hakiwezi kukipasha joto kitu chenye joto. Huko juu angani ni baridi, sasa baridi itaipashaje dunia? Nilimshika mkono nikampeleka chumba cha kuzindukia, ambako mgonjwa wake wa asubuhi alikuwa anatetemeka.

"Mfanyie unavyofanya siku zote," nikamwambia.

Akachukua blanketi akamfunika. Kisha akasimama, mkono bado uko juu ya blanketi, akaniangalia kwa jicho baya.

"Blanketi ni baridi kuliko mgonjwa," nikasema. "Halina moto wowote. Linazuia joto lake lisipotee haraka, basi."

"Mama Fundi, wewe ni mtu mbaya," akasema, na siku hiyo hakuja kunywa chai.

Msidhani niliyamaliza. Ochen alikuwa na hoja kama kuku wa sokoni: ukimkamata mmoja, wengine wanapita chini ya meza. Akaja na ile ya kushiba, kwamba mwanga ukishamezwa wote, kuongeza gesi ni bure, sawa na kumrundikia posho, ugali wetu, mtu aliyekwisha kunawa. Hiyo nakiri ilikuwa hoja nzuri, nikaifanyia kazi jioni mbili nyumbani Kibuli mpaka mume wangu akauliza kama Ochen ananilipa. Nikarudi nikamweleza kwamba joto haliondoki duniani kwa mruko mmoja. Linamezwa, linatolewa, linamezwa tena, tabaka kwa tabaka, mpaka lifike juu ambako gesi ni chache na linaponyoka. Ukiongeza gesi, pale pa kuponyokea panasogea juu zaidi, kwenye baridi zaidi, na kitu cha baridi hutoa joto kidogo. Basi huku chini joto linarundikana mpaka linaloingia na linalotoka yalingane.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Hiyo umesoma," akasema.

"Ndiyo, nimesoma."

"Mimi pia nimesoma," akasema, na kuinua simu.

Alikaa Bwaise, mtaa wa bondeni, na asubuhi za mafuriko alifika kazini suruali imekunjwa hadi magotini, viatu mkononi. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ananyoosha kidole. "Usiseme kitu. Hiyo ni mfereji, si gesi." Na sikusema kitu, kwa sababu mifereji ya Bwaise ilikuwa kweli imejaa chupa za plastiki, na mvua moja haishtakiwi peke yake.

Sasa niwaambie kilichokuwa kinaninyima raha, maana hakikuwa hali ya hewa. Ochen alitumia mashine ya pumzi kila siku, na vilima vilipotokea alivifurahia. Lakini mashine hiyo husimama juu ya jambo moja tu, kwamba gesi hiyo inameza mwanga wa joto, na yeye aliketi kwenye benchi langu akilicheka jambo hilohilo. Nikajiuliza: siku skrini itakaponyooka, na macho yake mwenyewe yanamwambia mrija uko sawa, ataamini ipi? Nilimuuliza mara moja kwa mzaha. Alijibu kwa mzaha, "Itategemea hiyo mashine imeamka vipi." Sikucheka. Nilimuwaza mgonjwa ambaye bado hatumjui, amelala pale mezani akitusubiri tumalize ubishi.

Ndiyo sababu nikafanya lile jaribio la chupa. Niliona mahali fulani walimu wanavyolifanya: chupa mbili za soda, moja ina hewa ya kawaida, nyingine imejazwa kaboni dioksidi, kila moja ina kipimajoto, na taa kali inaziangazia zote. Nilialika wanafunzi, wauguzi waliokuwa zamu ya chai, na Ochen nikampa kiti cha mbele. Baada ya muda chupa ya kaboni dioksidi ikapanda joto kuliko mwenzake. Wanafunzi wakapiga makofi. Nami, Mungu anisamehe, niliinama kidogo kama bibi harusi.

Ochen hakupiga makofi. Alizikagua zile chupa kwa utulivu, kisha akauliza, "Kama naweka gesi nzito ingine, ile haimezi hiyo mwanga, itakuwa namna gani?"

Nikasema kwa kujiamini kwamba haitapanda.

Juma lililofuata alifika na mfuko mkubwa wa plastiki uliovimba, mdomo wake umefungwa kwa mpira. Alikuwa amekwenda Katwe kwa Mkongomani mmoja anayechomelea masufuria ya aluminiamu, akamwomba agoni, ile gesi wachomeleaji wanayoitumia kukinga chuma. Agoni haimezi infraredi hata kidogo. Tukaijaza kwenye chupa, tukawasha taa, watu walewale wamekaa palepale. Chupa ya Katwe ikapanda joto sawasawa na ile ya kaboni dioksidi.

Nilizitazama chupa, na polepole nikaelewa. Gesi zote mbili ni nzito kuliko hewa, hazizunguki kirahisi kubeba joto na kulitoa, kwa hiyo chupa zao hukaa na moto. Jaribio langu lilikuwa limepima uzito wa gesi. Kuhusu kumeza mwanga halikusema chochote, na mimi nilikuwa nimeshainama.

Masikio yaliniwaka. Lakini nilimkumbuka Mzee Drani na ile presha yangu, nikawageukia wanafunzi. "Futeni mlichoandika," nikasema. "Bwana Ochen yuko sahihi. Jaribio hili ni bovu na mimi nimewadanganya nalo. Gesi inameza mwanga, hilo lipo, lakini chupa hizi hazijui habari hiyo."

Kisha nikaileta mashine ya pumzi juu ya benchi. Nikaivutisha agoni ya Katwe, skrini ikalala. Nikapulizia pumzi yangu, kilima kikasimama. Wanafunzi wakaona. Ochen naye akaona, akafuta mikono yake, akasema, "Mashine umelea wewe mwenyewe, lazima itakutetea." Akaondoka anaimba. Kwa majuma mengi baadaye hakuna aliyeingia chumba cha upasuaji bila kusimuliwa habari za Katwe, hata wagonjwa waliokuwa nusu wamelala.

Basi ikafika siku yenyewe, mchana, katikati ya zamu. Nilikuwa ndani ya chumba cha upasuaji nimepiga magoti nyuma ya mashine ya kunyonya damu iliyokuwa inakoroma, wakati mama mmoja alipoingizwa mbio. Uchungu ulikuwa umekwama, alikuwa anavuja damu, na hapakuwa na nafasi ya sindano ya mgongo. Alikuwa ameshika mkono wa Sista Nakato, muuguzi wetu, akirudia kwamba ana wengine wawili nyumbani. Ochen alimwinamia, akamwambia maneno ambayo sikuyasikia, akamlaza. Akaingiza mrija. Nilimwona akiitikia kwa kichwa, ameridhika, na daktari wa upasuaji akainua kisu.

Skrini ya mashine ya pumzi ilikuwa imenyooka.

"Mashine imekufa," akasema Sista Nakato. "Banange, leo kila kitu inakufa."

Kibanio cha kidoleni kilionyesha oksijeni bado nzuri, kwa kuwa Ochen alikuwa amemjaza hewa safi kabla ya kumlaza, na damu huchelewa kusema ukweli. Kifua kilionekana kupanda kidogo. Daktari wa upasuaji akauliza, kwa sauti ya mtu ambaye mtoto anamfia, kama aanze au asianze. Ochen aliutazama ule mrija aliouingiza kwa mkono wake na kuuona ukipita kwa macho yake. Kisha aliinua uso akanitafuta, akanikuta nyuma ya mashine ya kunyonya damu.

"Mama Fundi. Ni nzima?"

Nilikuwa nimeipulizia asubuhi ile. Lakini asubuhi na mchana ni mbali, na mrija mwembamba unaweza kuzibwa na maji, na mama yule alikuwa na wengine wawili nyumbani.

"Nzima," nikasema.

Hakuuliza tena. Aliuchomoa mrija wake palepale, akamfunika mama yule kwa kinyago na kumpa hewa kwa mikono, akaomba mrija mwingine, akainama tena kwa muda ambao mimi niliuona mrefu. Akaunganisha. Sote tulitazama skrini, hata yule mwenye kisu. Kikatokea kilima. Kikafuata kingine.

"Anza," akasema Ochen.

Mtoto alilia kabla sijamaliza kuitengeneza ile mashine ya kunyonya damu. Mama aliamka alasiri, akaomba chai. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za nyuma, nikalia vizuri mpaka nikaridhika, kisha nikarudi kutafuta bisibisi yangu iliyokuwa imeachwa chini ya meza.

Tangu siku hiyo nilingoja Ochen aseme kitu. Hakusema. Kesho yake alikuja na kabalagala na hoja mpya kuhusu jua na madoadoa yake. Tukabishana mpaka nikastaafu.

Siku ya kuniaga, baada ya hotuba ambazo nusu yake ilimhusu mtu mwingine mwenye jina kama langu, alinivuta pembeni akanipa kitu kilichofungwa kwa gazeti. Ilikuwa chupa ya soda, kipimajoto bado kimo ndani.

"Hiyo ya Katwe," akasema.

Nikamshukuru, na kwa kuwa sikuwa na kazi tena ya kupoteza, nikamuuliza. Yeye asiyeamini kitu, na ambaye macho yake yalikuwa yameuona ule mrija ukipita, kwa nini aliuchomoa kwa neno langu moja?

"Siku ya chupa," akasema, "ulisimama mbele ya watoto, ukasema wewe umekosa. Mimi nilijua hii mwanamke, kitu yake ikiwa mbaya, atasema ni mbaya. Sasa akisema ni nzima, mimi nabisha na nani? Nikabisha na mkono yangu."

Nikamshika mkono tu, ule uliobishiwa.

Chupa iko dirishani kwangu Kibuli, na mume wangu amekatazwa kuitia mafuta ya kula. Wiki iliyopita mvua ilinyesha tangu alfajiri, na kabla sijamaliza chai simu ikalia. Nilisikia maji yakichotwa kwa beseni, na watu wakipiga kelele nyuma yake.

"Mama Fundi, maji imeingia mpaka kitandani. Usiseme kitu. Ni mfereji."

Sikusema kitu. Nikasikia beseni linamwagwa nje, halafu linamwagwa tena.

"Na gesi," akasema Ochen. "Kidogo."